Kisima cha Baba na Choo cha Mama

Abaiang,
Jumapili, baada ya ibada

Kwa kaka yangu mpendwa Tebano,

Mauri, kaka. Kabla ya lolote nakuomba radhi kwa kimya hiki kirefu. Barua zako zote zimefika: ile ya Hamburg, ile ya Santos, na ile yenye stempu ya ndege mwekundu ambayo hata bwana posta hakujua imetoka nchi gani. Kila moja niliisoma, nikaikunja, nikaiweka chini ya mkeka nikisema nitajibu kesho. Usidhani nilikusahau, na usidhani nina hasira nawe. Sikulijua neno la kuanzia, na nilipolijua nikaliogopa.

U hali gani huko melini? Ule mkono uliobanwa na kamba umepona sawasawa, au bado unauma kukiwa na baridi? Mnalala vizuri? Mwana wa Ten Iobi aliporudi likizo alituambia mnakula nyama kila siku ya Mungu, Mama akasema basi ndiyo maana umeacha kuulizia samaki. Sisi huku tunaendelea. Mama ni mzima ila goti lake ni lile lile. Mume wangu Kaitara ni mzima, anagema asubuhi na jioni, na bado anaimba akiwa juu ya mnazi kwa sauti ile unayoijua. Majirani wanasema tembo letu linachacha kabla ya wakati kwa kuogopa wimbo. Anakusalimu sana.

Tokaua wangu ameota meno ya mbele yale makubwa na anajua kuandika jina lake mchangani. Lakini si mzima, kaka. Tumbo linamshika, linamwachia, linamshika tena, na kila likimwachia anabaki mwepesi zaidi mkononi. Hilo ndilo lililonikalisha leo nikaandika. Hapa nyumbani kuna kitu kinachomuumiza, na neno la kukifunga analo mtu mmoja tu, ambaye ni wewe. Nitakitaja kwa jina kabla barua haijaisha. Ila nakuomba unisome kwa mpangilio, usiruke, kwa sababu ukikikuta kitu hicho peke yake utanielewa vibaya.

Katika kila barua unauliza swali moja. Ile simu ya maandishi uliyopewa na kapteni ilikuwa na maneno machache tu, kwamba somo wako amefariki na tumemzika, na wewe umekuwa ukizunguka nayo dunia nzima ukijiuliza mtoto mnono kama yule wa kwenye picha amekufaje. Una haki ya kuuliza. Mwanangu alichukua jina lako kabla hujamwona, na hukuwahi kumwona.

Ilikuwa mwaka wa ukame. Mvua ilituacha tangu upepo wa mashariki ulipoanza, na tangi la kanisa likashuka mpaka likawa linatoa kutu. Mzee wa kanisa akafunga bomba kwa mnyororo, akasema maji yaliyobaki ni ya wagonjwa na ya ubatizo. Basi kila nyumba ikarudi kwenye kisima chake. Sisi hatukulalamika. Unajua kisima cha Baba kilivyokuwa na sifa. Wakati visima vya wenzetu vilikuwa vimeanza kuwa na chumvi, chetu kilikuwa kitamu vile vile, na watu walikuja na ndoo kutoka mpaka ng'ambo ya shule kuchota maji ya chai. Mama aliwaruhusu wote. Alikaa pembeni akisuka, akimkumbusha kila mmoja kwamba mume wake alipochimba pale alionja mchanga kwa ulimi kwanza.

Somo wako wakati huo alikuwa ameanza kusimama kwa kushika nguzo. Nyumba zetu hazina kuta, wewe unajua, basi kila nguzo ilikuwa yake. Alizunguka nyumba kwa nguzo kama anahesabu. Tulikuwa tunajiandaa kwa sikukuu yake ya kutimiza mwaka. Ile pesa uliyotuma tulinunulia unga, mchele na nguruwe wawili, na Kaitara aliwanenepesha kwa machicha ya nazi mpaka wakawa hawataki kuinuka. Mama alisuka mkeka mpya wa mkadi wa kumkalisha siku hiyo. Ulikuwa umeandika kwamba ukipata likizo utakuja kumkata kipande cha kwanza cha keki kwa mkono wako.

Tumbo lilianza kama linavyoanza kwa watoto wote, hatukushtuka. Nilikuwa nachemsha maji yake kama nesi alivyonifundisha. Lakini kuchemsha ni kuni, na mtoto anayetambaa hapiti kwenye mikono ya mama yake peke yake. Kila alasiri alipewa kikombe chake cha asali ya tembo iliyokorogwa na maji, kama wewe na mimi tulivyopewa, kama kila mtoto wa kisiwa hiki anavyopewa na wanaompenda. Alikipenda kile kikombe. Kikiisha alikipiga kwenye mkeka kuomba kingine, na aliongezewa.

Alikauka, kaka. Hilo ndilo jibu la swali lako. Tulimpeleka zahanati kwa baiskeli ya Kaitara, mimi nimempakata nyuma, na nesi alitafuta mshipa wa kumwekea maji ya dripu akaukosa, akatafuta mguuni akaukosa. Aliniambia nimnyonyeshe. Alikuwa hana nguvu ya kunyonya. Alikwenda mchana, watu wakiwa kazini, jua limesimama juu kabisa, na nilikuwa nafikiri amelala.

Tumemlaza ubavuni mwa Baba, pale upande wa nyumba, juu ya mkeka wake mpya. Wale nguruwe wa sikukuu tuliwala kwenye msiba. Na unga wako ulioka mikate ya waliokuja kulia.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hapo ndipo tulipokosea na watu.

Nesi alisema ni maji. Kijiji kizima kikaanza kutafuta nani kachafua maji ya Baba. Hatukutafuta mbali. Jirani yetu Nei Bwakoua, yule mjane, huwafunga nguruwe wake kwa kamba kwenye mshelisheli wa mpakani, na kutoka hapo mpaka kisimani mtu anaweza kutupa nazi ikafika. Mama alisimama kwenye maneaba, kijiji kizima kimekutana chini ya paa lile moja, mbele ya wazee akasema yeye hataji jina la mtu, ila kuna watu wanapenda nguruwe kuliko wajukuu wa wenzao. Kila aliyekuwepo aligeuza shingo kumtazama Bwakoua.

Bwakoua hakuinuka. Alijibu akiwa ameketi, akichambua dagaa wake kama mtu asiyetajwa. Alisema nguruwe wake ni maskini tu, wanajisaidia juani kila mtu akiona, na jua linakausha. Hawana chumba chenye mlango wala kiti cheupe cha kaure cha kukalia kama wazungu. Akauliza kama kuna anayemfahamu mwenye kiti hicho. Watu wakacheka, kaka, hata wazee wakaficha midomo kwa vipepeo vya kujipepea. Mama aliinuka akaondoka akichechemea, na tangu siku hiyo hakumsalimu Bwakoua hata wakikutana mlangoni mwa kanisa. Wazee waliamua nguruwe wahamishwe kule upande wa bahari kuu. Bwakoua akawa anabeba makombo kichwani asubuhi na jioni njia nzima ile, katika umri wake, akipita mbele yetu makusudi na kusema kwa sauti kwamba miguu yake sasa ndiyo inayolipa.

Tukadhani yamekwisha. Halafu Tokaua akashikwa. Kisha mjukuu wa Bwakoua mwenyewe, maana nao walikuwa wakichota kwetu. Kisha watoto wa mwalimu.

Ndipo nesi alipoandika makao makuu Tarawa, na Tarawa wakamleta msichana mmoja mkaguzi wa maji, mtu wa kisiwa cha Beru, jina lake Nei Tamoa. Alikuja na sanduku la chupa na viatu vya mpira ambavyo watoto walivicheka. Wazee walimkaribisha kwenye maneaba, wakampa dafu, wakamwambia aseme. Akawaeleza kwamba maji yetu hayatoki mbali. Ni mvua tu iliyolala chini ya mchanga, juu ya maji ya chumvi, na chochote tunachokimwaga juu kinaifuata. Akaanza kutaja: nguruwe, ndiyo, na betri za redio tunazotupa vichakani, na mafuta ya jenereta ya kanisa, na sabuni tunazofulia ukingoni mwa kisima, na majani tunayoozesha kwenye mashimo ya magimbi, na makaburi yaliyo karibu na nyumba. Hapo kwenye makaburi wazee walinuna. Alipofika kwenye vyoo vya shimo, mzee Kauongo akamuuliza, basi mwanangu, unataka twende haja hewani kama ndege wa baharini? Msichana akasema hata ndege anachafua, babu, ila ndege hachimbi. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akasema huyu apewe dafu la pili.

Nakueleza haya yote ujue kwamba hakuja na chuki wala hakumwelekea mtu. Alisema hatujui mpaka tuone, na kuona kwenyewe ni kwa rangi. Alimwaga rangi nyekundu pale nguruwe walipokuwa wakilala, akailowesha kwa ndoo nyingi, akatuambia tuangalie kisima. Tuliangalia wiki nzima. Maji yalitoka meupe. Bwakoua akawa anakuja kila asubuhi kuchungulia, halafu anarudi kwake polepole sana.

Kisha akamwomba Mama ruhusa ya kuingia chooni.

Kaka, hapa kalamu yangu inakuwa nzito. Wewe ni kaka yangu na mimi ni dada yako. Tangu nilipovunja ungo hatujawahi kuzungumza neno la mwili, wala tumbo, wala choo, na mpaka leo nikikusikia unakuja njiani najitengeneza kitambaa. Ndivyo tulivyolelewa, na sitaki kuvunja heshima hiyo. Naivunja leo kwa karatasi tu, kwa sababu ya Tokaua. Ukimaliza kusoma ichome, na tukionana tufanye kama sikuandika.

Mama alifurahi kupita kiasi. Ufunguo anautembeza shingoni, unajua, karibu na msalaba. Alimfungulia yule msichana kama anafungua kanisa. Alimwonyesha kile kiti cheupe ulichokileta kwa meli kikiwa kimefungwa kwenye magodoro, akamwonyesha mlango, na bati, na sakafu ya saruji aliyoisugua kwa mchanga. Akamwambia mwanangu ni baharia, aliona goti langu haliwezi tena kwenda ufukweni kupambana na mawimbi, akanijengea hiki kwa mikono yake katika likizo yake, na hakuna mama mwingine kisiwani aliyefanyiwa hivi. Akamwambia akitaka kukaa akae, asione haya. Tamoa alimshukuru kwa adabu. Akamwaga rangi ya kijani, akamwagia ndoo za maji kama Mama anavyomwagia siku zote.

Mama mwenyewe ndiye aliyeyachota. Ilikuwa asubuhi, alitaka maji ya chai ya akina mama wa kanisa. Mimi nilikuwa namsuka Tokaua nywele. Nilimwona amevuta ndoo, ameitazama, ameimwaga chini. Akatumbukiza tena, akavuta, akamwaga. Akafanya hivyo tena na tena mpaka mchanga wote kuzunguka kisima ukawa kijani, rangi ya majani machanga kabisa, nzuri kwa kuitazama. Halafu akaketi ukingoni na ile ndoo mapajani.

Sasa nimekitaja. Ni choo, kaka. Ni lile shimo.

Nisikilize vizuri, wala usiweke barua chini. Wakati mnachimba, mimi ndiye niliyekuwa nawaletea chakula. Niliona maji yalivyowafika magotini mkiwa shimoni. Wewe ulicheka, ukawaambia wenzako ni vizuri yapo, choo kitakuwa cha baridi na kitajiosha chenyewe. Nilimwambia Kaitara jioni ile akuambie mchimbe pengine, upande wa wangwa kule bahari inakokupwa, au msifike majini. Kaitara akaniambia yeye ni shemeji, hawezi kumsahihisha kaka wa mke wake tena katika jambo la choo cha mama mkwe. Alikuwa sahihi, kwa desturi. Baba angekuwepo angesema. Baba alikuwa chini tayari, hatua chache kutoka pale. Kwa hiyo hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye ruhusa ya kulisema, na kila mmoja alikaa kimya kwa heshima.

Nimelifikiria sana hili nikiwa nabeba maji. Wewe umekaa melini tangu ujana. Huko mtu akivuta maji, kitu kimekwenda, bahari imekichukua, hamkioni tena. Ndivyo ulivyozoea, na ndivyo ulivyotujengea. Hapa hakuna pa kwenda. Chetu chote kinabaki chini yetu. Ulifanya kwa mapenzi, na hakuna siku nitakayosema vingine mbele ya mtu yeyote. Lakini nisingekuwa dada yako kama ningekuacha umlaumu nesi au nguruwe.

Bwakoua alikuja jioni ile ile habari zilipoenea. Nilijiandaa kwa maneno makali, maana tulistahili. Aliketi kwenye ukingo wa nyumba yetu, akaniuliza Tokaua amekula nini. Alipoinuka akasema nguruwe wake wamechoka na safari, je wanaweza kurudi mshelishelini? Nikasema warudi. Akasema atawafunga upande wa mbali hata hivyo, yule msichana kasema na wao wamo kwenye orodha.

Kilichobaki ni Mama.

Mama hakubali. Anasema msichana wa Beru alimwaga rangi kisimani moja kwa moja ili apate sifa Tarawa. Anasema sote tufunge kisima, sawa, atalia lakini sawa, ila choo cha mwanawe hakiguswi. Kaitara alichukua koleo akajitolea kulijaza shimo kwa mchanga na changarawe, Mama akasimama mlangoni na fimbo yake. Alisema mwenye choo ni Tebano na mwenye kiwanja ni Tebano, na Tebano hayupo. Na akanikataza kukuandikia. Alisema mtu aliye juu ya maji hapelekewi maneno kama haya, atateleza. Miezi yote hii nilimtii. Kufunga kisima peke yake hakusaidii, kaka, maana shimo halichafui kwetu tu. Linakwenda kwa Bwakoua, linakwenda kwa mwalimu. Tunabeba maji kutoka kisima cha shule, njia nzima na mtoto mgongoni, na siku nikichelewa Tokaua hunywa popote anapokuta kopo. Ni mtoto, ana kiu.

Nilikuwa nimeanza kumkasirikia Mama, nakuambia kweli. Nilimwona anaingia chooni mchana kweupe, mara nyingi kwa siku, anabana mlango, anakaa humo muda mrefu. Nikasema moyoni anafanya kwa kutukomoa. Alhamisi iliyopita nilimfuata. Nilitaka nimwambie kupitia mlangoni yale ambayo usoni siwezi kuyasema.

Sikuyasema. Nilisikia analia. Hakuwa anakitumia choo, alikuwa amekaa tu juu ya kifuniko chake. Alikuwa anazungumza na somo wako kwa sauti ya chini, kama anavyombembeleza, akimuuliza kama ni kile kikombe. Alikuwa anamuuliza kama angemchemshia yale maji, kama asingemwongezea pale alipokuwa akikipiga kwenye mkeka, je, angekuwa anakimbia sasa?

Ndipo nikaelewa. Kikombe kile cha alasiri kilikuwa mkononi mwa Mama, kila siku. Kama maji hayana hatia, basi na mkono wake hauna. Hakilindi choo chako, kaka, wala si ukaidi. Na ukitazama kiwanja chetu kizima, nyumba ya kulala wazi, jiko wazi, hata maneaba ya kijiji wazi, kile ndicho chumba pekee chenye mlango. Hana mahali pengine pa kulia asionekane. Nilirudi nyuma kwa kunyata nikaenda kukoka moto.

Kwa hiyo nimepata la kukuomba, na naliomba bila kuzungusha. Mwandikie Mama kwa mkono wako. Mwambie umeamua mwenyewe, kwamba umeona kwingine wanavyofanya, usitaje barua yangu. Mwambie shimo lifungwe. Kaitara atalijaza siku hiyo hiyo. Tamoa ametuonyesha choo kingine cha kujengwa juu ya ardhi, sanduku la saruji lisilovuja, unafunika kwa majani makavu badala ya maji, na lina ngazi fupi yenye mshikio ambayo goti la Mama litaiweza. Kitakaa upande wa wangwa, mbali na Baba, mbali na visima vyote. Kisima tutakiacha kipumzike. Tamoa anasema mvua za kutosha zikipita atakuja kupima tena.

Lakini chumba usiseme kibomolewe. Chumba kibaki. Paa lake ndilo bati pekee tulilo nalo, na likipata mfereji litajaza tangi mvua zikirudi, na Tokaua atakunywa maji ya paa ulilolipigilia wewe. Hilo mwambie Mama pia, litamfaa. Na ndani tutamwekea mkeka.

Kuhusu wewe, najua utakaa na barua hii peke yako kitandani na ukuta wa chuma. Naomba ulie, halafu uache. Mtoto alikuwa wangu na mimi sikulaumu. Nikisema sikulaumu, ni kwamba nimejiuliza kwa siku nyingi na ndilo jibu nililolipata. Urudi nyumbani likizo yako ikifika. Usiogope kupita mbele ya kijiji, nitakuwa nimesimama njiani na Tokaua.

Mama anakusalimu, hajui kwamba naandika. Kaitara anakusalimu. Tokaua amechora mtumbwi pale pembeni, anasema ni meli yako. Bwakoua naye kasema akusalimu, na kwamba ukija utaikuta supu. Barua hii anaichukua kijana wa Ten Iobi anayepanda ndege Jumanne, ataifikisha ofisini kwenu Tarawa. Uzima uwe nawe huko juu ya maji, na amani, na riziki isiyopungua.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Rereao

Vitu ambavyo bado tunavihitaji, kama utaweza kututumia:

Ile barua ya Mama, kabla ya vyote.
Mfereji wa bati wa kuzungushia paa la chumba, na misumari yake.
Tangi la plastiki lenye mfuniko, au kama ni ghali, mapipa mawili ambayo hayakuwahi kubeba mafuta.
Bomba la koki, la shaba, yale ya plastiki yanapasuka juani.
Saruji ya sanduku, na kidogo ya ziada kwa ajili ya kaburi la somo wako, mchanga unashuka.
Zile pakiti za chumvi za kukoroga kwa mtoto anayeharisha, za kwetu zahanati zimeisha.
Sufuria kubwa ya kuchemshia, yenye mikono miwili.
Na kitasa kimoja cha mlango, kile cha zamani kinafungwa kwa nje tu. Kiwe cha kufungia kwa ndani.